Hapa Hakai

Mbwa wetu hakuwa na jina, na hiyo ilikuwa amri yangu. Binti yangu alitaja majina matatu manne, mengine ya Kizungu, nikayakataa yote. Mbwa akiwa na jina, watoto wa ploti yetu ya vyumba vya kupanga watalijua kabla ya jioni, na wakilijua wao, mtu yeyote atakayesimama langoni ataliita na mbwa atamwendea akitikisa mkia. Sasa huyo ni mlinzi au ni mwenyeji wa kukaribisha wageni? Mimi nilimwita "wewe", akazoea. Mpaka leo nikimkaripia mtu mwingine pale nyumbani, yeye ndiye anayegeuka.

Nilimpata Kariobangi, kwa jamaa aliyekuwa ameweka watoto wa mbwa ndani ya katoni ya sabuni, kando ya mafundi wanaogonga masufuria. Aliniapia kwamba baba wa niliyemchagua ni mbwa wa polisi. Nikamwambia kama ni hivyo amrudishe kwa baba yake, mimi natafuta mbwa wa raia. Alicheka sana. Mimi sikuwa nacheka. Nilimbeba mbwa ndani ya kikapu, na njia nzima alikuwa akinilamba kidole, nikajua nimeuziwa mpole.

Wacha nieleze ni kwa nini mwanamke wa umri wangu, karani katika duka la misumari na saruji, ambaye maisha yake yote alikuwa akifukuza mbwa kwa fagio, aliamua kufuga mmoja.

Ulikuwa wakati ule vijana walipoingia barabarani kupinga ushuru. Binti yangu alikuwa mmoja wao. Hakuwa kiongozi, hakushika kipaza sauti, alibeba chupa ya maji na bendera ndogo kama wenzake. Jumamosi alikuwa akienda na kikundi cha mtaa kusafisha ukingo wa mto, upande wa kutoka Mathare, kazi ya kujitolea tu, na huko ndiko alikozoeana na kijana mmoja mcheshi. Wakawa wanasafisha pamoja na kuandamana pamoja. Maandamano yalipotulia ndipo zikaanza habari nyingine, zile za magari yasiyo na nambari na wanaume waliofunika nyuso. Redio ilizisema kila asubuhi, nami kila asubuhi nilizima redio binti yangu alipoingia jikoni. Halafu siku moja, mchana kweupe, steji ya matatu ikiwa imejaa watu, gari lilisimama na yule kijana akatiwa ndani. Binti yangu alikuwa amemshika mkono. Waliuvuta ukamponyoka. Alirudi nyumbani na kiatu kimoja, akakaa kwenye sakafu ya jikoni, na sikuweza kumwinua.

Kuanzia siku hiyo nilikuwa na kazi moja duniani, nayo ni kuhakikisha kwamba wangu hachukuliwi. Baba yake tulishamzika, ndugu hana. Ni yeye na mimi.

Katika ploti zetu za Eastlands kuna desturi ambayo hakuna aliyetufundisha. Mgeni akisimama langoni akauliza fulani anakaa mlango gani, jibu ni moja: hapa hakai. Haijalishi kwamba huyo fulani yuko pale pale anaanika nguo. Tulikuwa tukiwafanyia hivyo madalali wa minada, askari wa jiji, na wanawake wanaotafuta waume wao. Mtu akiuliza kwa upole, unamkatalia kwa upole. Akiuliza kwa ukali, basi hata wewe mwenyewe hukai hapo, umepita tu kuomba chumvi.

Kwa hiyo nilienda mlango kwa mlango nikawaambia majirani: binti yangu ameenda kwa shangazi yake Machakos. Walikuwa wakimsikia akikohoa nyuma ya pazia, nao wakaitikia, sawa mama, ameenda Machakos, Mungu amlinde huko. Jirani yangu wa ghorofa ya juu, mwanamke wa Nyeri anayeuza mboga, akaongeza kwamba alimsindikiza kwa mkono wake mpaka kituo cha basi, na kwamba mzigo ulikuwa mzito. Hakuwa amemsindikiza popote. Nilimpenda sana kwa ule mzigo.

Kisha nikaleta mbwa. Usinicheke. Kufuli nilikuwa nayo, pazia nilikuwa nalo, nilichokosa ni kelele. Nilitaka mtu akikaribia lango, ploti nzima ijue.

Miezi ya kwanza hakuwa wa maana yoyote. Alikula ugali na mchuzi wa matumbo, akala malapa yangu, akala na ncha ya pazia lile lile lililokuwa likimficha binti yangu. Alikojoa kwenye gunia la makaa mpaka jiko likawa linatoa harufu. Jirani wa juu alinishauri nimpe pilipili ndiyo awe mkali, binti yangu akasema nikithubutu atatoka nje aende mwenyewe kwenye hilo gari. Nikaacha. Mchana nilipokuwa kazini, mbwa alifungwa kamba karibu na lango na binti alikaa ndani, mmoja na kamba yake, mwingine na pazia lake. Nikirudi jioni wote wawili walinitazama kwa namna ambayo sikuipenda. Nilijua wanachotaka kusema, nikapika haraka.

Lakini alipoanza kupata kifua, sauti ilimtoka. Alimbwekea muuza maji, akambwekea msoma mita, akambwekea mhubiri wa kipaza sauti mpaka akafupisha mahubiri. Wakazi wa ploti hakuwagusa. Akikuzoea hakusumbui, asipokuzoea hupati amani. Nilimnunulia mfupa wenye nyama siku ya mhubiri, nikamkwaruza masikio, nikamwambia, wewe, sasa umeanza kula kwa jasho lako.

Mtoni nilienda badala ya binti yangu. Watu walidhani ni moyo wa kujitolea. Mimi niliona hivi: nyumba yetu ikitoweka ghafla kwenye kikundi, watu watauliza mbona, na swali likishaulizwa halifi. Tena nilitaka kusikia nani anasema nini. Nilishika reki, nikavaa gambuti za binti yangu zilizonibana, nikatega sikio. Tulizoa nepi, magunia, chupa, magodoro yaliyooza. Tulipanda mianzi kando ya maji, na wiki iliyofuata tulikuta mingine imeng'olewa tukapanda tena. Mbwa nilimchukua ili anyooshe miguu. Mara ya kwanza alimbwekea kila mtu kwa zamu, kisha akawazoea.

Kikundi chenyewe kilikuwa kimebadilika. Zamani, ati, mwishoni mwa kazi walipiga picha wakicheka, reki juu. Sasa tulipiga picha tukiwa tumeipa kamera mgongo, tumetazama mto. Hakuna aliyesema ni kwa nini. Mwenyekiti, dereva mstaafu mwenye maneno machache, alisema tu "geukeni", nasi tukageuka. Tulitiliana shaka kwa adabu. Kuna mama alianza kutuletea chai na mandazi bila kutuuliza chochote, nikamshuku huyo zaidi ya wote. Nani siku hizi anagawa mandazi? Nilikula, lakini nilimshuku.

Hapo ndipo alipotokea mwanamume mmoja.

Alikuwa mzee wa rika langu. Alikuja mtoni na suruali iliyopigwa pasi, mstari umenyooka kuanzia kiunoni mpaka kwenye tope. Nani anapiga pasi suruali ya kuzolea taka? Alifanya kazi kwa bidii, hilo sitamnyima. Lakini watu wakizungumza bei ya unga na ushuru, wakiitukana serikali kwa sauti ya chini kama ilivyo desturi, yeye alinyamaza. Mtu asiyelalamika Nairobi hii ana mshahara wake mahali. Na alipofungua mdomo ilikuwa ni kuuliza. Nilimsikia akimuuliza mwenyekiti kuhusu msichana fulani, mwembamba, wa nywele fupi za rasta, aliyekuwa akija hapa siku za nyuma. Mwenyekiti akakuna kichwa, akasema wasichana wa rasta ni wengi, mzee, shika upande huu wa gunia.

 Nikainama nikaendelea kukwangua.

Kisha mbwa akafanya jambo. Nilikuwa nimemfunga kwenye mti. Mwanamume alipopita pale, nilingoja kelele. Hakukuwa na kelele. Mbwa aliinuka, akatikisa mkia mpaka kiuno kikacheza, akamnusa mfuko wa koti, akaketi mbele yake na kungoja. Mwanamume akampapasa kichwa haraka, akanitupia jicho, akaenda zake.

Nilisimama na reki yangu mkononi. Mbwa huyu hamtikisii mkia mtu ambaye hajamzoea. Na kama amemzoea, basi wamekutana, na mahali pekee anapokaa mchana ni langoni kwangu.

Nilirudi nyumbani karibu nikikimbia. Nikampandia jirani wa juu, nikamkuta akichambua sukuma wiki.

"Nani huja hapa nikiwa kazini?"

Aliendelea kuchambua. "Huja watu wengi."

"Mzee mwenye suruali ya pasi."

Akaweka kisu chini. Akasema ni kweli, amekuja mara kadhaa, anamuulizia msichana wa rasta, sisi tunamwambia hapa hakai. Hana fujo. Hukaa kidogo pale nje, humpa mbwa kipande cha soseji ya mutura, halafu huondoka.

"Mbwa wangu anakula mutura ya watu na hamniambii?"

"Ungeniuliza ningekuambia. Wewe mwenyewe hulali, mama. Tukuongezee hofu?"

Nilimkasirikia na nilijua hana kosa. Usiku huo niliburuta kabati mpaka mlangoni. Jumamosi iliyofuata nilimnong'oneza mwenyekiti, akasema naye amemshuku tangu siku ya kwanza, na hata mama wa mandazi akasema mtu yule hatazami taka, anatazama watu. Tukakubaliana bila kukaa kikao. Hakuna aliyemfukuza. Tulimpa tu upande wa mbali, kule kwenye matete, na alipokaribia tukaanza kuzungumza habari za mpira.

Alifanya kazi peke yake kule. Niliona mgongo wake umeinama na nikasema moyoni, afadhali.

Baada ya chai alinifuata. Nilikuwa nafungua kamba ya mbwa na msaliti yule alikuwa tayari anaruka kwa furaha.

"Habari ya asubuhi, mama."

"Nzuri."

"Huyu mbwa nimemwona mahali. Kwenye ploti moja hapo juu." Alisema wazi, bila kuzunguka. "Nimefikiri labda wewe ni mama ya yule msichana."

"Msichana gani? Mimi sina binti," nikamwambia. "Mungu alinipa kijana mmoja tu, yuko Mombasa bandarini."

Uongo ulitoka laini, hata mimi nikashangaa. Alinitazama, akaitikia kwa kichwa. Akatoa simu akanionyesha picha ya kijana anacheka, amevaa kofia nyuma mbele. Nilimjua. Alikuwa amekula kwangu githeri zaidi ya mara moja.

"Huyu ni wangu," alisema. "Alichukuliwa steji. Polisi wanasema hawana habari naye, hospitali nimezunguka, chumba cha maiti nimezunguka. Watu waliniambia alikuwa na msichana anayekaa ploti ile. Sitaki kumwingiza taabuni. Nataka kumuuliza swali moja tu, halafu sitamsumbua tena. Ukimpata anayemjua msichana huyo, mama, mwambie."

"Nikimpata," nikasema.

Njiani nilijigombeza na kujitetea. Picha si kitu, wale watu wana picha za kila mtu. Majonzi si kitu, majonzi huigizwa. Swali moja, swali gani hilo? Ungekuwa wewe ndiye unayetumwa, si ungekuja hivyo hivyo, mnyenyekevu, na mutura mfukoni?

Nilimhadithia jirani wa juu jikoni kwangu, kwa sauti ya chini, na sauti ya chini katika chumba kimoja na nusu haina mahali pa kwenda. Pazia likafunguka.

"Suruali yake ilikuwa na mstari?" binti yangu akauliza.

"Unauliza ya nini?"

"Huyo ni baba yake. Mwanawe alikuwa akimcheka kila siku, ati mzee hupiga pasi mpaka soksi."

"Mpelelezi pia ana pasi," nikasema.

"Na wewe ulimwambia huna binti."

"Nilisema hivyo ili uendelee kuwepo."

Jirani wa juu aliinuka polepole, akasema sukuma zake zinanyauka, akatoka. Binti yangu hakupaza sauti. Ningependa angepaza, ningejua la kufanya. Aliketi kitandani, mbwa akaweka kidevu kwenye goti lake.

"Mama, na mimi nikichukuliwa," akasema, "wewe utaenda kumuuliza nani? Kila mama utakayemwendea atakuambia hana mtoto."

  Niliosha sufuria iliyokuwa safi. Niliogopa, na niliona aibu, na hasira yangu haikupata mtu wa kumshika. Wiki nzima tuliongea habari za chumvi na maji tu.

Jumamosi nilimwambia avae leso kichwani, afiche rasta, na tutoke kwa mlango wa nyuma unaopita kwenye karakana. Hakuniuliza tunaenda wapi. Alikuwa hajatoka nje kwa muda mrefu hivi kwamba mwanga ulimtoa machozi, akatembea akiwa ameshika kamba ya mbwa kwa mikono miwili. Mimi nilitazama kila gari. Lililoegeshwa nililitazama, linalopita nililitazama zaidi. Nilikuwa nimepanga: mtoni, mbele ya watu wote, si nyumbani. Likitokea la kutokea, angalau tutakuwa wengi wa kupiga kelele.

Mzee alikuwa kule kule tulikomtupa, kwenye matete. Alikuwa akifungua kila gunia lililofungwa kabla ya kulivuta, analifungua kwa ncha ya reki, anachungulia, kisha anapumua akikuta ni taka tu. Nilisimama. Nilimwona akifanya hivyo kwa la pili, na la tatu. Ndipo nilipoelewa mtu huyu anakuja mtoni kutafuta nini, na kwamba sisi, kwa ujanja wetu, tulimwachia upande wote huo aupekue peke yake.

"Mzee," nikamwita. "Nilikuambia sina binti. Ninaye. Ni huyu."

Binti yangu alivua leso. Sikuwa nimemwambia avue. Mzee aliweka reki chini, akapangusa mikono kwenye ile suruali yake nzuri.

"Ulikuwa naye," akasema.

"Nilikuwa naye, baba. Nilimshika mkono. Walinishinda nguvu."

"Hilo silo ninalouliza. Najua walikushinda." Akamtazama usoni. "Nataka kujua, alikuwa amekula?"

Binti yangu akanitazama, kisha akamtazama yeye. "Hapana. Tulikuwa tukienda kutafuta chapati. Alisema njaa inamuuma."

Mzee aliitikia mara nyingi kwa kichwa. Asubuhi ile, akatuambia, waligombana kwa ajili ya maandamano. Alimwambia mwanawe kwamba mtu anayeitukana serikali mezani pake akatafute chai huko huko barabarani. Kijana aliacha kikombe kimejaa, akatoka. "Nilikuwa nikiomba awe alipata kitu njiani," akasema. "Basi akirudi, atakuwa na njaa sana."

Binti yangu alianza kulia. Mimi nilitazama daraja. Kulikuwa na gari jeupe limesimama pale juu, na sikuona nambari zake, na sikujua kama ni la muuza mayai au ni lao. Bado sikuwa na hakika na mzee huyu. Sitasema uongo, mpaka dakika ile sikuwa na hakika.

"Lango unalijua," nikamwambia. "Ukiingia, mlango wetu ni wa chini, wa bluu, karibu na tangi la maji. Kesho baada ya kanisa napika. Majirani watakuambia hapa hakai. Usiwasikilize, gonga tu."